Mti wa Mjomba Uliokataa Kusimama

Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alirudi kisiwani kwetu Amu baada ya miaka kumi na minne ya bara akiwa na vitu vitatu: goti bovu, koti la sufu lisilovalika katika joto letu hata kwa mgonjwa wa homa, na debe la mafuta ya taa lililokatwa nusu, ndani yake mna mti. Nasema mti kwa heshima ya mjomba. Kwa macho ya wote waliokuwapo gatini siku ile, kile kilikuwa kichaka kilichokaliwa na punda.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Bara kulikuwa na Hali ya Hatari, na Mzungu mzee aliyekuwa akitunziwa bustani na mjomba kule Limuru alikuwa ameuza nyumba, ng'ombe na hata viti, akarudi kwao. Alimwambia mjomba achukue kumbukumbu yoyote aitakayo. Mwingine angechukua saa ya ukutani. Mjomba alichukua tawi aliloliotesha mwenyewe, akalibeba kwenye gari moshi mpaka Mombasa na kwenye chombo cha matanga mpaka kwetu, akilikinga na upepo kama mtu aliyebeba mtoto wa siku saba.

Mama alilia mpaka nikadhani kisima chetu kitafurika. Alipomaliza kulia alitazama lile debe.

"Na hii je?"

"Hii junipa."

"Huzaa nini?"

"Hauzai kitu cha kula."

"Hunukia?"

"Mpaka uukere. Ukiufikicha ndio utanukia."

"Basi hupanda ukutani, ukatupa kivuli?"

"Haupandi. Hulala chini, ukatandaa."

Mama akashika kiuno. "Kaka, miaka kumi na minne nakungoja, umeniletea mgonjwa!"

Mjomba alicheka hadi akakaa chini kwa ajili ya goti. Akatueleza kwamba junipa huu una binamu yake huko bara, waitwa mwangati, mrefu kama mnara, ambao watu huukata nguzo za nyua. "Huyu alipoona binamu anavyokatwa," akasema, "akaamua bora alale." Nikauchungulia. Vijani vyake vilikuwa vidogo kama sindano za kushonea kofia, rangi yake kijani kilichochanganyika na buluu, kama bahari ya Manda saa tano mchana. Matawi mawili matatu yalikuwa yamelalia ukingo wa debe yakitazama chini, kana kwamba yanatafuta pahali pa kushukia. Akasema haupukutishi majani, masika wala kiangazi, na kwamba kule Limuru mama yake mti huu ulifunika ukuta mzima wa mawe.

Hapo inafaa mjue sheria ya kiwanda chetu, yaani ule uwanja mdogo wa ndani ya nyumba ulio wazi juu, ambao mama alikuwa sultani wake. Mti ukikaa pale lazima uwe na kazi. Muasumini ulitoa maua ya nywele. Mrehani ulitoa majani ya vikuba, vile vifungu vya kunukia vya harusi, na mama akisifika mtaa mzima kwa kuvifunga. Mndimu ulitoa ndimu, na mwaka usipotoa, mama aliusimamia na panga akiutisha kwa sauti, nao ukazaa. Na miti yote ilikuwa na haki moja: alasiri ikifika, kila mmoja hupata maji. Mama alikuwa mtu wa ukarimu, na ukarimu wake alikuwa akiumimina kwa ndoo.

Mjomba akaupanda junipa wake pembeni mwa kiwanda, karibu na birika la kutawadhia, kwa kuwa ndiyo nafasi pekee aliyopewa. Akasema, "Huu maji kidogo tu, dada." Mama akasema sawa. Nilimjua mama. Sawa yake ilikuwa na maana nyingi.

Sasa nieleze shida yenyewe. Mjomba hakuwa mtu wa kukaa kula kwa dada yake. Umri wake ulikuwa umefika hamsini, goti halimruhusu kuchukua mawe wala kuvuta kamba, na kazi aliyoijua, ya kutunza bustani, Amu ilikuwa haijawahi kusikika. Bustani? Watu walikuwa na mashamba ya minazi na viwanda vyenye miasumini. Nani amlipe mwanamume kutazama majani? Walipomuuliza pale barazani alichokuwa akifanya bara, naye akawajibu, walipeana macho. Mmoja akasema, "Yaani ulikuwa ukifagia."

Kukawa na jamaa huko Mombasa aliyeleta habari kwamba anaweza kumpatia kazi ya kulinda ghala. Mjomba akasema atangoja Maulidi yapite, na kama hapana kitu atakwenda. Siku ile mama alisonga ugali mpaka mwiko ukavunjika. Akaniambia mimi, jikoni, kwa sauti ya chini:

"Akenda tena harudi. Mimi naijua miguu ya kaka yangu. Ikishika ndia huisahau nyumba."

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nashona kofia za vito, zile zenye nakshi ya matundu, mchana kwenye baraza la fundi wangu, na jioni nasoma shule ya usiku. Nilikuwa nimemaliza juzi tu. Nilikuwa na cheti chenye mhuri, kalamu ya wino, na kiu ya kuandika ambayo maji ya visima vyote vya kijiji cha Shela yasingeikata. Niliandika kila kitu. Niliandika orodha ya sufuria za mama. Niliwaandikia barua watu waliokaa nyumba ya pili, kisha nikaipeleka mwenyewe na kungoja wasome.

Basi tukasikia kwamba tajiri mmoja wa samli na nazi, mzee mwenye sauti ya kukwaruza na ndevu zilizopakwa hina, amejenga nyumba Shela pembeni mwa machuto, vile vilima vya mchanga, na mchanga unamwingilia mpaka kitandani. Alikuwa amepanda hiki na kile mbele ya nyumba, vyote vimekufa. Anatafuta mtu wa kumtengenezea bustani itakayouzuia ule mchanga.

Mtu mwenye akili angemwambia mjomba aende akasalimie. Nyumba yake ya mjini ilikuwa vichochoro vitatu kutoka kwetu! Mimi nilichukua karatasi.

Barua ile nilikuwa naijua kwa moyo, na mpaka leo sijaisahau, kwa sababu watu walinisomea kwa miaka mingi baadaye, kila nikipita. Ilisema hivi: "Bwana Mtukufu, salamu sana na baada ya salamu. Nakuarifu ya kwamba tangu Kiunga hadi Vanga hakuna fundi wa bustani mfano wa mjomba wangu. Ukimpa jiwe atalinyunyizia maji nalo litachipua. Mti aliotoka nao bara, ambao hauogopi jua wala chumvi, umekwisha kutandaa nyumbani kwetu kama zulia la Ajemi, futi kumi kwa futi kumi, hata watu kumi waweza kuukalia wakala biriani pasi na kugusana magoti. Ni mimi mtiifu wako, mwenye cheti."

Mti wakati huo ulikuwa sawa na sahani ya chai. Lakini msinihukumu upesi. Nilipoandika futi kumi niliuona kwa macho yangu kabisa ule mti umetandaa. Kalamu ilinionyesha.

Kosa langu, na hili ni kosa ambalo hata mtu wa mji mwingine asingelifanya, ni kusahau kwamba tajiri alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na si shuleni. Kiswahili chake aliandika na kusoma kwa herufi za Kiarabu, tena kwa mkono mzuri kuliko wa kadhi. Herufi hizi zetu za shule ya usiku, kwake zilikuwa nyayo za kaa. Kwa hiyo barua ilipomfikia akiwa barazani baada ya sala ya alasiri, alimpa karani wake aisome. Kwa sauti. Mbele ya wazee wote wa mtaa na mwuza kahawa.

Mimi nilikuwa nimekaa baraza la mkabala, nashona kofia. Mwanzo nilifurahi kusikia maneno yangu yakitoka hadharani. "Salamu sana na baada ya salamu," nikatikisa kichwa, nzuri hiyo. Karani alipofika kwenye jiwe kuchipua, mwuza kahawa aliacha kugonganisha vikombe. Alipofika kwenye biriani, sindano ilikuwa imeniingia kidoleni na sikuisikia.

Kisha tajiri akapaza ile sauti yake ya kukwaruza:

"We mwenye cheti!"

"Labeka, Bwana."

"Zulia?"

"Naam, Bwana. Yaani..."

"Watu kumi?"

Hapo ndipo ningesema ukweli, na hapo ndipo sikuusema. "Hata kumi na mmoja, wakiwa wembamba."

Baraza zima likaangua kicheko. Tajiri hakucheka. Alijipangusa ndevu, akasema: "Maulidi yakipita, Ijumaa ya kwanza, nakuja kwenu mimi na watu tisa hawa. Tutaukalia huo mti. Mwambie mamako biriani isiwe kavu."

Nilikwenda nyumbani kwa kuzunguka mtaa wa Langoni, ndia ya mbali kuliko zote, lakini habari ilinitangulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndoo," akasema, yaani njoo kwa lugha ya Amu. "Ndoo hapa, mwandishi."

Sitaandika yote aliyoniambia, mengine hayana tahajia. Neno lililonichoma lilikuwa moja. "Hapa palikuwa na ndia moja ya kaka yangu kubaki Amu, nawe umeifanya mchezo wa barazani." Akaingia ndani. Nilitamani anipige.

Mjomba yeye, kinyume cha hofu yangu, alicheka. Akaniita kiwandani, akachuchumaa kwa shida, akaupima mti kwa mkono. "Shibri moja," akasema. "Na huu mwaka mzima hauongezi hata urefu wa kidole ukiwa na furaha. Umesema futi ngapi?"

"Kumi, mjomba."

"Basi niombee umri. Nikifika miaka mia mbili watakuja kula."

"Na kazi je?"

Akaacha kucheka. "Kazi ni yake. Akitaka atatoa, asipotaka kuna ghala Mombasa." Alilisema kwa upole, ndiyo maana sikulala vizuri.

Kukaja msiba Faza, ng'ambo ya bahari, kwa jamaa wa babu yangu mzaa mama, mjomba akaenda hitimani, na goti likamweka huko siku kumi na mbili. Alituachia wasia wa maneno mawili: "Msiuguse mti."

Mimi nikasema moyoni: mjomba hayupo, na mti haujui kama umeambiwa ukue polepole. Nikauamkia alfajiri na maji ya kuoshea samaki. Nikaokota samadi ya punda, na Amu samadi ya punda huikosi, nikaulundikia shinani mpaka shingoni. Mama naye, ambaye hakuwa akisema nami ila kwa amri, kila alasiri alipopita na ndoo yake aliuona ule mti umekaa bila maji na wenzake wamekunywa, akaona ni aibu, ni kama kumnyima mgeni. Akaumwagia. Na jirani yetu, mama mmoja mwenye huruma aliyekuwa akipitia juu kwa wikio, lile daraja la kuunganisha nyumba, aliposikia kwamba riziki ya mtu imefungamana na mti, akawa anauletea maji ya mchele. Hakuna kati yetu aliyejua habari za mwenziwe. Yule maskini alikuwa akinywa mara tatu kwa siku, na maji ya birika la udhu juu yake.

Siku ya saba ncha zikawa njano. Mama alisema peke yake, nami nikamsikia, "Una kiu huyu," akaongeza ndoo. Siku ya tisa zikawa hudhurungi. Nikaongeza samaki. Siku ya kumi na moja upande mmoja ulikuwa rangi ya makuti ya paa kuukuu, na ukiugusa unapukutika, mti usiopukutisha majani, masika wala kiangazi!

Mjomba aliporudi alisimama kiwandani bila kuvua kofia. Hakuuliza nani. Alitazama samadi, akanitazama mimi. Alitazama ndoo, akamtazama dada yake. Juu ya wikio jirani akarudi nyuma taratibu na bakuli lake.

"Kwa nini mumeuzamisha?" akauliza.

Mama, ambaye sijapata kumwona akishindwa na neno, alisema kama msichana: "Nilidhani una kiu, kaka."

Mjomba akaufukua. Mizizi ilinuka kama dema la kutegea samaki lililosahauliwa. Akaosha, akakata iliyooza kwa kisu cha jikoni, akapogoa matawi yaliyokufa, na kilichobaki, wallahi, ungekitia mfuko wa kanzu. Akanipa chepeo nichimbe. Ubavuni mwa nyumba yetu palikuwa na gofu, nyumba ya babu zetu iliyoanguka zamani, imebaki kifusi cha matumbawe na chokaa na mchanga, jua linapiga toka asubuhi mpaka magharibi. Hapaoti hata magugu. Mimi nikamwuliza kama amekasirika ndiyo maana anautupa.

"Siutupi. Naupeleka kwake," akasema. "Huu mti wa mawe na jua. Kuutia kivulini na kuunywesha ni kama kumfunga mbuzi ndani ya maji umwambie ale majani."

Tukachimba shimo kwenye mteremko wa kifusi ili maji yasituame. Akachanganya mchanga na vipande vya matumbawe, akaupanda juu juu, akaupangia vijiwe shinani. Akaupa kata moja ya maji, kile kifuu cha nazi chenye mpini. "Hiyo ndiyo ya wiki," akasema. Kisha akatuapisha, mimi na mama, na jirani akaapishwa kwa mbali.

Jambo moja la heri lilitokea siku ile. Mama alikusanya yale matawi makavu yaliyokatwa, akayatia kwenye makaa ya chetezo ili asitupe kitu, na moshi uliotoka ulikuwa na harufu ambayo sikuwahi kuisikia, nusu udi, nusu mvua. Ulipanda ghorofani, ukaingia kwenye nguo, ukashuka kwa jirani. Mama alifukiza shela yake ya kujitanda, akainusa, akainusa tena.

"Lo," akasema. "Kumbe kazi anayo."

Tangu siku ile hakuuita tena mgonjwa. Lakini kumzuia asiumwagie maji kulikuwa kazi kuliko kumfungisha samaki saumu. Alikuwa akitoka alasiri na ndoo, anafika mlango wa gofu, anasimama, anautazama mti peke yake kwenye jua, anasema "Nisamehe, mwanangu," anarudi. Siku moja nilimkuta ameshika kikombe kidogo cha kahawa kimejaa maji. Nikakohoa. Akayanywa mwenyewe.

Mwezi wa Maulidi ukaja na matari yake na wageni wake, mji ukajaa hata punda walipeana salamu wakigongana. Mti haukufa. Lakini hata kukua haukukua. Zilitoka ncha mpya, nilizihesabu, saba, laini, buluu hivi, kila moja kama ncha ya penseli. Mjomba aliziona akafurahi kama aliyeshinda mashindano ya ngalawa. Mimi nilizipiga hesabu kwa elimu yangu mpya: kwa mwendo ule, futi kumi zingetimia mimi nikiwa nimekwisha kuzikwa, na aliyenizika pia.

Ndipo Ijumaa ile, baada ya alfajiri, mjomba akiwa bado msikitini, nilifanya upumbavu wangu wa tatu. Nilikwenda hadi kwenye mivinje iliyopandwa pwani, nikakata matawi mzigo mzima. Majani ya mvinje na ya junipa, kwa mtu anayetazama kwa mbali, tena aliye na njaa, yanafanana. Nikayachomeka kwenye kifusi kuuzunguka mti, yamelala, yakapangika, nikarudi nyuma, nikafumba jicho moja: zulia la Ajemi. Nilijipongeza. Mjomba alirudi akaenda moja kwa moja kumsaidia mama na sufuria, kwa kuwa mama alipika kweli ile biriani. "Watu kumi wameambiwa biriani," alisema, "na biriani wataipata, hata kama mti hawauoni."

Baada ya sala ya Ijumaa wakaja. Tajiri mbele na bakora, karani, na wazee wanane wa baraza wamevaa kanzu safi kama watu wa harusi. Mama alikuwa ndani ya nyumba, nyuma ya mlango wa kutokea gofuni, ulioachwa wazi upana wa jicho. Mjomba akawapokea, akawaongoza, na alipofika penye kifusi akasimama ghafla, mimi nyuma yake.

Sijui niseme uso wake ulikuwaje. Alitazama lile zulia, halafu akafumba macho.

"Mashallah!" wazee wakasema. Mmoja akaanza kutafuta pa kukaa.

Tajiri hakusema mashallah. Alisogea, akainama, akashika tawi moja na kulivuta. Likatoka. Akavuta la pili. Likatoka. Akawa amesimama na matawi mawili ya mvinje mkononi kama mwuza mboga.

"Mizizi ya huu mti," akasema polepole, "iko wapi?"

Miguu yangu ilitaka kwenda Kiwayu. Lakini mjomba alipiga magoti, na lile bovu, akaanza kuchomoa mivinje yangu, moja moja, akaiweka kando bila haraka, mpaka ukabaki ule mti wake katikati ya vijiwe, mdogo, umelala.

"Bwana," akasema, "mti wangu ni huu. Shibri moja kasoro. Hiyo mingine ni elimu ya mpwa wangu."

Hapo wazee wakapasuka. Mmoja alilazimika kushikwa. Tajiri akainua mkono wakanyamaza.

"Na barua?"

"Barua sikuijua mpaka iliposomwa. Lakini ni mwanangu, kwa hiyo ni yangu."

"Mbona mdogo hivi? Umekaa nao miezi mitatu."

Mjomba akamweleza yote: birika, samadi, samaki, mchele, mizizi iliyooza, kukata, kuhamisha. Hakutaja aliyemwagia maji. Alisema tu, "Ulizama." Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, na mwanamke wa Amu wa zama zile hakuwa akisema na kundi la wanaume hivi hivi:

"Mimi niliuzamisha, Bwana! Mimi na mwanangu na jirani! Yeye aliukuta maiti akaufufua. Ndoo ni yangu!"

Wazee wakatazama chini kwa adabu. Tajiri akageuza uso upande wa mlango, akatazama mbali, akasema kwa sauti ambayo haikukwaruza sana: "Nimesikia, Bi." Kisha akachuchumaa kando ya mjomba. Akagusa zile ncha mpya kwa kidole kimoja.

"Hizi za baada ya kuzama?"

"Za baada. Saba."

"Mimi kwangu nimeweka watu watatu, mmoja baada ya mwingine. Wote walimwaga maji toka asubuhi mpaka jioni. Maji yanachukua mchanga, mchanga unachukua mti. Wewe nikikupa ile nyumba ya Shela, kitu gani utapanda kwanza?"

Nilitamani mjomba aseme bustani ya peponi, mito na makomamanga. Ningekuwa mimi ningesema na tausi.

"Sitapanda," akasema mjomba. "Nitakaa siku kumi nitazame upepo unapeleka wapi mchanga. Kisha nitaweka mawe. Kisha tutaona nini kinakubali kulala pale. Mwaka wa kwanza hutaona kitu, Bwana. Ukitaka kuona kitu mwaka wa kwanza, mchukue mpwa wangu, ana mivinje."

Tajiri alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi, lakini wazee walivyotazamana nilijua hawajawahi kukisikia. Akainuka kwa bakora yake, akajipangusa kanzu.

"Jumamosi," akasema. "Mapema, kabla ya jua. Na huyu mwenye cheti asiniandikie tena. Akiwa na neno aje, mguu anao." Halafu akazungusha macho kwenye kile kifusi. "Haya. Tutakaa wapi tule?"

Tukatandika mikeka kiwandani. Nikawapakulia, nikawanawisha mikono wote kumi, nikavumilia kila mmoja aliponiuliza kama mchele nao niliuotesha juu ya jiwe. Biriani ile haikuwa kavu. Ilikuwa biriani ya kumrudisha msafiri aliye Basra.

Jumamosi mjomba aliondoka kabla ya jua, kwa miguu kufuata pwani, kifungu cha mkate wa mofa ndani ya leso. Mama akamwambia arudi adhuhuri, chakula kitakuwa tayari. Adhuhuri ikaadhiniwa, mjomba hayupo. Mama akafunika sahani. Akapanda ghorofani kuchungulia, akashuka, akapanda tena. Mjomba alikuja nusu saa baadaye akichechemea, mchanga hadi kwenye nyusi, mkono mmoja ameshika jiwe lisilo na maana yoyote ambalo alitaka kutuonyesha.

"Yeo hii ndiyo saa ya kuja kula?" mama akamfokea tangu hajavuka kizingiti. "Chakula kimepoa! Wewe huna dada? Kesho ukichelewa nampa paka!"

Mjomba akaketi, akakunja mikono ya kanzu, akala huku anafokewa, tonge kwa tonge, na kila mama aliponyamaza kuvuta pumzi yeye alisema, "Ongeza mchuzi."